Aliyeshika Ngazi

"Huyu alishika ngazi, memsahib."

Maneno hayo manne aliyasema karani Zefania Yoeli ndani ya ukumbi wa klabu ya wazungu wa shamba letu la mkonge, upande wa Mnyuzi, mchana kweupe, mbele ya wageni waliotoka Korogwe, Lushoto na Tanga. Nyuma yangu palikuwa na ukuta mzima, hatua kumi na mbili kutoka pembe hadi pembe, na juu yake milima ya Usambara asubuhi ya masika, ukungu umeifunga kiunoni. Ukuta ule niliuchora mimi. Kila jiwe, kila bonde, kila pumzi ya ukungu ule ilitoka katika mkono huu unaoandika. Na Zefania alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kusoma karatasi, Kiingereza kisha Kiswahili, kwamba picha imechorwa na Bwana Harling, bwana mdogo wa shamba, kwa mikono yake mwenyewe, katika saa zake za mapumziko.

Mama mmoja mzee wa kizungu, mkazi wa Lushoto, alikuwa ameniona pembeni na ndoo ya maji na brashi kuukuu ya katani. Nilikuwa nimewekwa pale nifute matone ya chokaa yaliyobaki sakafuni. Akauliza kwa Kiswahili kizuri tu, "Na huyu, kazi yake ilikuwa nini?" Zefania akajibu kabla sijafungua mdomo. Mama yule akanigeukia mimi. "Ndivyo?"

Nikasema, "Ndiyo, memsahib."

Vijana, hilo ndilo baya kuliko yote yaliyonipata, na nimepatwa na mengi, jicho moja niliacha huko huko. Kuibiwa si kitu, kila mtu huibiwa. Lakini mimi siku ile nilimtwika mwizi mzigo kichwani, nikamwambia aende salama.

Sasa nirudi nyuma, maana mmekuwa mkija hapa barazani kwangu Korogwe, shikamoo fundi, shikamoo mzee, tufundishe kuchora ukungu. Mzee mnaniita na miaka yangu hamsini haijatimia. Ni chokaa imenizeesha. Kazi nimeiweka chini mwaka huu kwa sababu jicho lililobaki limechoka kufanya kazi ya mawili. Kwa hiyo badala ya kuwaonyesha nitawaandikia, na shule sikusoma, herufi nilijifunzia kwenye marobota ya katani. Mkiona nimeandika vibaya, mjue mwalimu wangu alikuwa robota. Na majina ya watu nitayataja. Wengine huniambia, Athumani, yaache, yamepita. Yamepita kwa nani?

Mimi ni mtu wa Misima, Handeni. Mwaka mmoja mvua ilitunyima, mahindi yakakauka yakiwa kimo cha goti, nikachukua njia kwa miguu hadi Mnyuzi kutafuta kazi ya mkonge. Nilifika stesheni saa ile ile treni inashusha manamba, wale watu walioandikishwa kazi kutoka mbali huko, Nyasa, Ubena, Urundi, kila mmoja na kipande chake cha kazi mkononi na mzigo wake kichwani. Walipangwa mstari mmoja wakaambiwa watembee kwenda shambani. Mimi sikuandikishwa na mtu, lakini sikujua njia, basi nikajiunga nyuma. Ilikuwa asubuhi, ukungu umeshuka hadi chini, na mtu wa mbele kabisa sikumwona vizuri. Niliona sanduku la bati tu, linaelea hewani, kama halina mwenyewe. Picha ile ilikaa kichwani mwangu tangu siku hiyo. Sikujua kama ni picha. Nilidhani ni njaa.

Mwenye sanduku alikuwa Anyosi, Mnyakyusa, fundi wa kupaka chokaa. Jina lake lote lilikuwa refu, sisi tulilikata. Aliyemfuata alikuwa Petro, kijana mcheshi wa Ubena, alibeba jogoo kwapani kutoka kwao, safari yote, na jogoo alifika akiwa na afya kuliko sisi.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupiga alama kwenye marobota. Unaweka bati lililotobolewa herufi, unapitisha brashi yenye wino mweusi, unainua bati, alama imekaa. Asubuhi ya kwanza nililiweka bati kichwa chini. Marobota yote hadi kengele ya chakula. Mnyapara akaja akasimama, akainamisha shingo upande kama kuku anayetazama mwewe. "Wewe Mzigua," akasema, "unataka katani yetu iende Ulaya ikitembea kwa mikono?" Watu walicheka wiki nzima. Lakini kwa kuyarudia yale marobota ndiyo nikashika herufi, na nikashika jambo jingine, kwamba brashi ikiwa na wino mwingi inavuja chini ya bati na kuharibu, ikiwa na kidogo inatosha. Andikeni hilo. Wachoraji wengi wanaharibikiwa kwa wingi wa rangi, si kwa uchache.

Anyosi aliniona nina mkono mtulivu, akaniomba kwa mnyapara niwe msaidizi wake. Siku ya kwanza alinipa ukuta wa ghala la magunia peke yangu, akakaa chini na kipande cha muwa. Nikapaka. Ukuta ukabaki vile vile, wa kijivu, umelowa. Nikatazama ndoo, nikadhani chokaa nyepesi, nikapaka tena. Hakuna kitu. Nikapaka mara ya tatu, ya nne, jasho linanitoka, na Anyosi anatafuna muwa wake tu. Kesho yake ukuta ulikuwa mweupe kama jino, na mnene kama ugali. Kesho kutwa ukaanza kubanduka. Ulimwagika wote kama unga kwenye kinu.

"Fundi, uliniona," nikamwambia.

"Nilikuona."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungesahau. Sasa utasahau?"

Halafu akanifundisha, na hili ndilo linalobeba habari yangu yote, kwa hiyo lisikilizeni. Chokaa ikiwa mbichi haionekani. Unapaka kama unapaka maji. Ikikauka ndipo inatoka weupe. Kwa hiyo piga mpako mmoja mwembamba, kisha nenda kale chakula, rudi uone. Akanipeleka kwenye ukuta wa jiko la kambi, mweupe safi, akachota maji akaurushia. Palipolowa weupe ukaondoka, na chini yake nikaona moshi wa zamani, masizi meusi, na hata alama ya kiganja cha mtu aliyeegemea hapo kabla haujapakwa. Tukakaa. Jua likapiga, ukuta ukakauka, masizi yakapotea na kiganja kikapotea, ukuta mweupe tena. "Chokaa nyembamba haifuti kitu," akasema Anyosi. "Inakishikilia tu."

Sasa jicho. Mawe ya chokaa yaliyochomwa unayazima kwa maji, ndani ya shimo, kidogo kidogo, maana yanachemka yenyewe bila moto. Bwana Harling alikuwa na haraka, wageni wa bwana mkubwa, meneja wa shamba, wanakuja, nyumba zote zipakwe. Akaamuru pipa zima la maji limwagwe mara moja. Anyosi akakataa, akamweleza kwa heshima, bwana mdogo, shimo hili litaruka. Harling akamfukuza shimoni, akatuita mimi na Petro. Tulimwaga. Likaruka. Petro alikuwa karibu zaidi. Hakumaliza wiki. Mimi Anyosi alinilaza chini akanimwagia maji usoni ndoo baada ya ndoo, jicho la kulia likapona, la kushoto likafa. Katika daftari la shamba Zefania aliandika kwamba wafanyakazi wawili walikosa uangalifu. Najua, kwa sababu wakati huo nilishajua kusoma, na daftari lilikuwa wazi mezani.

Haya basi. Mtu wa jicho moja ananyoosha mkono kuchukua kikombe anashika hewa. Karibu na mbali vyote vimebandikwa ukuta mmoja. Miezi mizima nilijikwaa, nikamwaga uji, nikagonga milango. Ikabidi nijifunze umbali kwa njia nyingine, na njia yenyewe ni rangi. Nikagundua mti wa karibu una weusi ndani yake. Mti wa nyuma yake weusi umepungua. Ule wa mbali zaidi hauna weusi kabisa, umekuwa bluu, na mlima wa mwisho ni bluu iliyotiwa maziwa. Nikaanza kupima dunia hivyo. Weusi mwingi, nyoosha mkono. Weusi hakuna, tembea nusu siku. Nyinyi wenye macho mawili hamlioni hili kwa sababu hamlihitaji. Nikiwaambia mfumbe jicho moja mkiwa mnachora, msinicheke.

Nilianza kuchora nyuma ya ghala, ukutani, kwa vitu tulivyokuwa navyo. Udongo mwekundu wa Handeni uliochekechwa kwenye kitambaa. Masizi ya karabai. Bluu ya kufulia nguo, hiyo haigombani na chokaa. Chumvi kiganja kimoja kwa ndoo ili rangi ishike. Brashi ya katani, iliyopondwa ncha na kuchemshwa ili ilainike. Nilichora asubuhi za Mnyuzi, na nikienda kwetu kusalimia nilitazama vumbi la Kwedizinga saa kumi jioni ng'ombe wakirudi, na moshi wa mashamba yanapochomwa kabla ya vuli. Vumbi si kama ukungu. Vumbi ni jekundu chini na la dhahabu juu, na linaficha miguu. Ukungu unaficha kichwa. Mkichanganya hayo mawili mtachora kitu ambacho hakijawahi kutokea.

Bwana mkubwa akataka ukuta wa ukumbi mpya wa klabu uwe na milima. Harling akasema ataichora yeye. Alikuwa na kisanduku cha rangi kutoka kwao, kizuri sana, kila rangi kichupa chake. Alijaribu siku nne. Anyosi alichungulia akarudi akaniambia, "Amechora maboga." Siku ya tano Zefania akaja nyuma ya ghala, akautazama ukuta wangu kwa muda mrefu.

"Athumani, bwana mdogo anakuhitaji ukumbini. Utamsaidia kazi."

"Kazi gani?"

"Utaambiwa. Na ukumbi utakuwa umefungwa mlango. Usiwaeleze watu."

Niliambiwa nini? Niliambiwa nichore. Harling alipita kila jioni, akasimama, akavuta kiko, akaondoka. Ngazi alinishikia Anyosi, siku zote ishirini, na alilalamika siku zote ishirini, mara mgongo, mara njaa, mara natonesha chokaa kwenye upara wake.

Nilichora milima na bonde na reli. Na chini ya milima, kwenye njia inayotoka stesheni, nilichora ule mstari. Watu kumi na mmoja. Mbele sanduku la bati na Anyosi chini yake. Petro akiwa mzima, na jogoo wake. Mama Tekla na mtoto mgongoni. Wote nilivyowaona asubuhi ile, mmoja mmoja, na wa mwisho kabisa nikajichora mimi, mikono mitupu, macho mawili. Chini ya miguu yangu nikaweka jina langu, kwa herufi za robota.

Zefania akaja na ujumbe. "Bwana mdogo anasema watu watoke."

"Watoke waende wapi?"

"Wafutwe. Anasema wageni hawaji klabu kutazama manamba. Anataka milima."

"Harling mwenyewe ataona pengo."

"Paka chokaa juu yao," akasema Zefania. "Weka ukungu. Si ndiyo kazi yako hiyo?"

Nilitaka kuacha kazi palepale. Anyosi akanishika kiwiko. Alingoja Zefania atoke, akafunga mlango, akarudi kushika ngazi. "Umeambiwa ukwangue?" akauliza. "Hapana." "Umeambiwa upake chokaa?" "Ndiyo." "Basi tii," akasema, na nilimwona anacheka na sanduku lake la ukutani.

Nikapaka mipako mitatu, myembamba kama pumzi, kila mmoja nikaungoja ukauke kabla ya mwingine. Ulikuwa ukungu bora niliowahi kuchora. Harling alipouona alitoa kiko mdomoni.

Kwa hiyo sasa mnanielewa niliposema ndiyo memsahib, nini nilikuwa ninakana. Si jina langu peke yake. Petro alikuwa mle ndani.

Siku ile bwana mkubwa alitaka watu wa kambi nao wasikie, wakaruhusiwa hadi madirishani kwa nje. Baada ya mimi kusema ndiyo, nikainamia tena matone yangu ya sakafuni. Kisha dirishani ikatoka sauti, haikupanda wala haikushuka, sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Athumani. Kama ngazi ulishika wewe, mimi siku ishirini nilishika nini?"

Watu wa dirishani wakaangua kicheko. Mnyapara mwenyewe aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Harling akauliza kwa Kiingereza wanacheka nini, Zefania akasema hakuna kitu. Lakini mama wa Lushoto alikuwa ameelewa. Nilikuja kujua baadaye kuwa naye alikuwa mchoraji, wa maua. Akaenda ukutani akaupapasa ukungu kwa kidole kimoja, akatazama kidole, chokaa tupu.

"Bwana Harling," akasema, na alikisema Kiswahili makusudi, ili sote tusikie, "ukungu huu ukipigwa maji utakuwaje?"

Harling akasema picha itaharibika.

Akanigeukia. "Na wewe unasemaje, mshika ngazi?"

Vijana, kuna saa mdomo unapewa nafasi ya pili. Hazizidi moja katika maisha ya mtu. Nikasema, "Utaondoka, memsahib. Halafu utarudi wenyewe, kabla watu hawajamaliza chai."

"Basi onyesha."

Harling akasema niache, akapiga hatua. Bwana mkubwa akamwambia kitu kifupi, Harling akasimama. Sikurusha maji kwa hasira, na hapo msikosee nanyi, maana chokaa ya wiki mbili bado changa, ukiirushia ndoo inalia, inachuruzika. Nilichovya brashi, nikaikung'uta, nikanyunyiza kuanzia chini kwenda juu, taratibu, kama mtu anayemnawisha mtoto uso.

Ukungu ukaanza kulowa. Kwanza likatoka sanduku. Sanduku tu, peke yake, katikati ya weupe, kama nilivyoliona siku ile. Halafu upara. Dirishani mtu akasema, "Yule si Anyosi?" Mwingine akasema, "Ni yeye, tazama na miguu yake ilivyopinda." Nikaendelea kunyunyiza. Akatoka Mama Tekla na kitenge chake, na Mama Tekla wa kweli, aliyekuwa dirisha la pili, akashika mdomo. Wakatoka mmoja mmoja, wote kumi walionitangulia, wakitembea kwenda shambani chini ya milima, ndani ya ukumbi ambao hawakuruhusiwa kuingia.

Mama wa Lushoto akamwuliza Harling, "Hawa ni nani?"

Akasema wafanyakazi.

"Majina yao?"

Hakuwa nalo hata moja. Miaka mitano aliwaamuru watu wale. Mama akaniuliza mimi, nami nikawataja, nikianzia mbele, na kila niliyemtaja alijibu kutoka dirishani, naam, nipo. Nilipomtaja Petro hakujibu mtu. Jogoo wake alionekana vizuri kuliko wote. Mama akauliza, "Huyu hayupo leo?" Nikasema, "Huyu alimwaga maji kwenye shimo la chokaa kwa amri ya Bwana Harling, memsahib. Mimi nilikuwa naye." Nikalionyesha jicho langu. Hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Nikanyunyiza pembe ya mwisho, nikatoka mimi, na chini yangu ATHUMANI MISIMA, herufi za robota, safari hii hazikuwa kichwa chini.

Bwana mkubwa alikuwa mtu mkali, sitamsifu kupita kiasi. Lakini siku hiyo alichukua karatasi ya Zefania, akalikata jina, akaandika jingine kwa kalamu yake, akamrudishia. "Karani, soma tena."

Na Zefania akasoma tena. Kiingereza kisha Kiswahili. Sauti ilikuwa ndogo, watu wa dirishani wakamwomba apandishe, akapandisha. Wakati anasoma ukuta ulikuwa unakauka nyuma yake, watu wanaingia ukunguni mmoja mmoja, mwisho likazama sanduku. Chai ilikuwa bado inatoa moshi. Wageni walipiga makofi, lakini ya kambi ndiyo yaliyotikisa vioo. Anyosi alibebwa mabegani hadi kambini, mimi nikamfuata kwa miguu. Alisema ngazi ni kazi ngumu zaidi.

Harling hakumaliza mwezi, aliomba kuhamia shamba jingine, na kisanduku chake. Mimi nilitoka pale nikiwa na jina. Nimechora maduka ya Korogwe, nimechora chumba cha wagonjwa kungojea, nimechora hoteli ya chai pale Handeni, ukuta mzima wa mvua inayokuja kutoka mbali. Mzee mmoja wa Kwedizinga aliingia mle, akauona ukuta, akageuka akakimbia kuanua mahindi yake. Mimi sihitaji medali. Mahindi ya yule mzee yananitosha.

Nyinyi sasa mna rangi za makopo, na brashi za dukani zenye nywele laini. Zitumieni, siwakatazi, mimi pia nimezitumia. Ila rangi ya mafuta haina subira, na ukungu ni subira. Na kamwe, nasema kamwe, msipake rangi ya mafuta juu ya chokaa yenye unyevu. Haishiki. Inafanya malengelenge kama ngozi iliyoungua, halafu inabanduka vipande vipande.

Nasema hivyo kwa sababu ya jambo moja la mwisho.

Ukuta ule ulikaa miaka. Kila masika unyevu ulipopanda kutoka ardhini, watu walitoka wenyewe, bila mimi, na watoto wa kambi waliletwa kuonyeshwa, yule babu yako, yule bibi yako. Halafu bwana mkubwa akarudi kwao, akaja meneja mpya asiyejua kitu, na Zefania Yoeli, ambaye sasa alikuwa karani mkuu, akamwambia ukuta wa klabu una kuvu, bwana, kila mvua unatoka madoa meusi. Madoa. Akaagiza makopo, rangi ya mafuta, ya kijani, ukapakwa wote. Anyosi alikuwa amekwisha kufa, Mungu alimwepusha.

Zefania, najua unayasoma haya, wewe husoma kila kitu. Umestaafu, unakaa hapa hapa Korogwe, mitaa miwili kutoka kwangu, watu wanakuamkia. Wiki iliyopita vijana wanaofanya kazi klabu walinijia. Kijani kimefanya malengelenge. Kwenye pembe ya chini kimebanduka, na umeonekana mguu wa jogoo.

Mara ya kwanza ulisoma kwa kumwogopa Harling. Mara ya pili ulisoma kwa kumwogopa bwana mkubwa. Sasa hakuna wa kumwogopa. Nataka uje pale ukumbini mbele ya watoto wa kambi, na usome mara ya tatu, majina yote kumi na moja, la Petro likiwemo, na nini ulichoandika daftarini, na nani alisema ni kuvu. Siku uichague wewe. Mimi nitapanda juu kubandua kijani chako.

Ngazi utashika wewe.